Kompaila Niliyoibeba Kila Siku

Chumba cha kompyuta cha kambi yetu ya wakimbizi ya Mantapala kilinuka magunia. Kabla ya kuletwa zile mashine sita kilikuwa ghala la mahindi, na ingawa walipaka chokaa na kufunga sola juu ya bati, kila mashine zilipopata moto vumbi la zamani liliamka, tukapiga chafya kwa zamu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa siku nilipewa saa moja tu ya kukaa mbele ya mashine. Mwalimu wetu, kijana wa mji wa Kashikishi tuliyemwita Ba Mwansa, alitutangazia Jumatatu: atakayeonyesha programu yake ya kwanza ikifanya kazi siku ya Ijumaa ataendelea na masomo, atakayeshindwa atampisha mwingine, maana majina ya waliosubiri yalijaa ukurasa mzima. Niliitaka nafasi ile kuliko nilivyotaka viatu, na viatu sikuwa navyo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka kompaila, yaani ile programu inayochukua maandishi ya mtu na kuyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitenda. Ba Mwansa alituletea kwenye flashi, kwa sababu mtandao wa kambini ulikuwa wa kubahatisha. Niliiweka, ikala karibu saa yangu yote, nikaandika amri ya kuijaribu, ikajibu vizuri. Nilitoka nikitembea kwa maringo. Jumanne niliandika amri ile ile na mashine ikaniambia haiitambui. Niliandika tena, herufi moja moja. Nilizima nikawasha. Nilipuliza kibodi. Ester, rafiki yangu wa mashine ya pili, alinishauri nisiikasirikie kwa sababu mashine zinajua. Mwishowe niliiweka kompaila upya, na Ba Mwansa alipopata nafasi ya kunifikia ilikuwa inajibu tena, kama mgonjwa anayepona akifika kwa daktari. Jumatano ikawa vivyo hivyo. Ba Mwansa alidhani ile aliyotuletea ni mbovu, akatafuta nyingine Kashikishi. Alhamisi nikaanza upya kwa mara ya nne. Nilikuwa sijaandika hata mstari mmoja wa programu, na nililia waziwazi, mbele ya watu, bila aibu.

Saa yangu ilipokwisha nilifanya kama nilivyofanya kila siku: nilichomeka flashi tuliyogawiwa darasani, nikaikata folda nzima ya kompaila kutoka kwenye mashine, nikaibandika kwenye flashi nirudi nayo nyumbani. Sikujua Ba Mwansa alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Iwe, unafanya nini?”

“Nabeba bintu ya mi, Ba Ticha.”

“Kila siku unabeba?”

“Kila siku. Kwetu hatuachaka kintu kwa batu.”

Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alivuta kiti akanieleza kwamba siku ya kuiweka kompaila, mashine huandikiwa mahali pa kuikuta. Kila ninapotoa amri inakwenda palepale, na inakuta patupu. Kompaila haikuwa na ubovu wowote. Kumbe mwizi wa kompaila yangu nilikuwa mimi mwenyewe. “Rudisha,” alisema, “acha hapa. Kesho itakuwa hapa.”

Alidhani ananiomba jambo dogo. Tulipokimbia vita kutoka Pweto, ng'ambo ya mpaka, Mama aliacha cherehani yake kwa jirani mpaka kesho, na hiyo kesho haikufika. Tangu siku hiyo hakuna kitu chetu kilicholala mbali na mikono yetu. Wenzetu waliacha majembe kwa wenye mashamba ya karibu. Sisi tulirudi nayo begani hata mvua ikinyesha, watu wakituangalia. Hata ndoo yetu hatukuwahi kumwazima mtu ikalala kwake. Nami, mtoto mwenye akili za kujivunia, niliipeleka desturi ile moja kwa moja ndani ya kompyuta. Nilirudisha folda mahali pake, lakini niliondoka nikihisi nimevuliwa nguo.

Nilimkuta Mama akitwanga sombe, majani ya muhogo. Sikuweza kumficha.

“Uliacha kintu ya ko kule? Na kama kesho hatuko hapa?”

“Kama hatuko hapa, Mama, itanisaidia nini?”

Aliendelea kutwanga, ila mchi ulipunguza kasi. “Basi,” akasema, “leo ilale kule.”

Ijumaa niliandika amri, na mashine ikajibu. Kwa mara ya kwanza saa yote ilikuwa yangu. Nilikosea mara mbili, nikasahihisha, na zilipobaki dakika chache programu yangu ikaandika jina la Mama kwenye kioo. Ba Mwansa akaweka alama mbele ya jina langu.

Siku hizi ninakaa Nchelenge, ninawaandikia wafanyabiashara wa samaki programu ndogondogo, na anayeanza akinililia kwamba kompaila yake haionekani, swali langu la kwanza ni aliiweka wapi na kama ameihamisha. Ni kazi ya dakika mbili. Lakini siwezi kumdharau yule msichana aliyetumia siku nne. Uangalifu ule ndio uliotuvusha salama, na ulikaribia pia kuninyima kile nilichokitaka kuliko vyote. Yote mawili ni kweli, na sijui kuyatenganisha.

Mwezi uliopita nilijaza fomu ya kazi iliyotaka anwani ya kudumu. Miaka yote nilikuwa naandika Pweto, mji nisioukumbuka vizuri, au naacha wazi. Safari hii niliandika Mantapala, kisha nikampelekea Mama kule kambini aione kabla sijaituma. Aliisoma, kidole kikifuata mistari, kikafika kwenye anwani, kikasimama.

“Na miye?” aliniuliza. “Hawakuacha nafasi ya kuandika jina ya mi, miye nilitoka na we Pweto mpaka hapa?”