Mama Kwenye Bodi ya Askari

Mzazi akijua jambo linaloweza kumrudishia mtu usingizi, akakataa kulisema, anamlinda nani? Nilijiuliza hivyo kila nilipopanda ngazi za nyumba yetu kule Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu bila kupata kazi. Shangazi yangu, mwenye duka la nguo Morogoro, alisema shahada hailiwi, akanituma China nimnunulie mzigo. Nilipanga chumba kimoja na dada wa mji wetu, mzoefu wa suruali za Shahe, soko la nguo za jumla. Yeye ndiye aliyenifundisha kumwacha laoban, mwenye kibanda, na bei yake, kisha niondoke polepole ili aniite nirudi. Sikuwa na mtu mwingine. Siku alizosafiri, sauti yangu niliisikia sokoni tu, ikitaja bei.

Mama yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa mjumbe wa bodi ya raia iliyosimamia mambo ya askari polisi mkoani kwetu: nani apandishwe cheo, nani afukuzwe. Kaka yake dada alikuwa askari. Mahabusu mmoja alivunjika mkono wakati wa zamu yake, naye akasema hakumgusa. Shauri lake lilikuwa linakwenda mbele ya bodi. Akifukuzwa angehama kota za polisi, na mama yao, mgonjwa wa miguu, alikuwa akiishi naye humo.

"Wewe msomi," dada aliniambia akikoroga uji, "unawauliza Wachina hata kwa nini wanakunywa maji ya moto. Muulize mama yako hili moja."

Chuoni nilikuwa nimebishana mpaka nikakauka koo kwamba polisi hawawezi kujihukumu wenyewe. Nilikuwa naipenda bodi ile kabla haijamgusa mtu ninayemjua. Sikujua kama kaka yake alimvunja mtu mkono. Dada naye hakujua, aliamini tu.

Jumapili nikaenda kwenye duka la kupigia simu. Mwenye duka alikuwa akifuma sweta, macho kwenye saa ya kuhesabu dakika za simu. Sauti ya mama ilikuja kwa kuchelewa, na yangu ikinirudia sikioni.

"Umekula, mwanangu?"

"Nimekula. Mama, yule askari wa mahabusu aliyevunjika mkono, ni kaka wa dada ninayekaa naye."

Nilidhani laini imekatika.

"Unakaa naye? Chumba kimoja?"

"Ndiyo. Mtamfukuza?"

"Kikao bado. Huko kuna baridi, umevaa sweta?"

Kikao kilipopita nikapiga tena. Dada alisimama nyuma yangu, kiganja chake begani kwangu.

"Mama, imekuwaje?"

"Sijui."

"Hujui vipi, nawe ni mjumbe?"

"Nimesema sijui. Usiniulize tena jambo hili."

"Sasa kama raia nao wanaficha, mna tofauti gani na hao polisi?"

Alivuta pumzi. "Msalimie huyo dada yako," akasema, akakata simu.

Nilipogeuka, dada alikuwa ameshaondoa mkono wake.

"Yumo ndani, halafu hajui," alisema tukiwa njiani. "Haya. Basi na mimi sikujui."

Nilicheka, nikifikiri anatania. Kabla mwezi haujaisha alipata habari kutoka nyumbani: kaka yake amefukuzwa, mama yao amehamishiwa kwa jirani. Dada alifunga suruali zake, akachukua sufuria yake ya umeme, akahamia kwa wanawake wa Kikenya upande wa pili wa mji. Mlangoni aliniambia, "Mama yako msalimie." Hakuwa na hasira, na hilo liliniuma zaidi.

Majira yale ya baridi nilikula tambi juu ya kitanda changu, nikitazama godoro lake lililokuwa tupu. Redio ya jirani ilizungumza Kikantoni kutwa nzima. Mara moja nilimwona dada kwenye soko la Shisanhang, kati ya marobota ya nguo, akivutwa mkono na laoban. Nilimwita. Nadhani alisikia. Mama nilimpigia mara chache, nasi tukazungumzia mvua na bei ya mchele.

Miaka mingi baadaye, kwenye matanga ya mama, mzee mmoja aliyekuwa mjumbe mwenzake alivuta kiti karibu yangu, akanisimulia siku ya kikao kile. Mama aliwaambia wenzake kwamba binti yake analala chumba kimoja na dada wa yule askari, akaomba atoke. Alikaa barazani, mkoba mapajani, mpaka walipomaliza, na hakumuuliza mtu matokeo. Ndani, bila yake, kura zililingana. Mwenyekiti ndiye aliyekata shauri.