Siku Niliyodhani Afrika Imepasukia Kwetu

Kwangu mimi maarifa yana harufu ya karanga za kukaanga. Nje ya uzio wa minyaa wa shule yetu ya msingi, kaskazini mwa mji wa Dodoma, alikaa mama mmoja na sinia lake, akifunga karanga kwenye karatasi alizochana kutoka magazeti ya zamani. Wenzangu walikula karanga wakatupa karatasi. Mimi nilikula karanga, nikapangusa chumvi, nikasoma karatasi, kisha nikaokota na za wenzangu. Mara nyingi niliambulia tangazo la kifo au nusu ya bondia, lakini siku ya bahati niliangukia kona ya watoto, ile yenye maajabu ya dunia. Ndivyo nilivyojua kwamba pweza ana mioyo mitatu, kwamba kwenye sayari ya Zuhura siku moja ni ndefu kuliko mwaka, na kwamba michoro ya miambani kule Kolo, ambako shangazi yangu aliolewa, ilichorwa na watu walioishi zamani sana kuliko babu yeyote anayekumbukwa. Nilikariri yote na kuyagawa bure kwa watu ambao hawakuniuliza. Shuleni waliniita Profesa Karanga, na kwa kuwa sikujua dhihaka inafananaje, niliitika.

Shida ni kwamba yule mama alichana magazeti kwa kipimo cha karanga, si cha sentensi. Mambo mengi yaliishia njiani. Niliishi kwa amani miaka mizima bila kujua kwa nini ndege heroe ana rangi ya waridi, maana karatasi ilikoma kwenye neno "hula". Lakini nilipokuwa darasa la nne, msimu wa kuvuna zabibu ambao kwetu huangukia katikati ya mvua, nilifungua karatasi iliyosema hivi: bara la Afrika linapasuka, ufa mkubwa unapita katikati ya Tanzania, na upande wa mashariki utajitenga na upande wa magharibi, bahari iingie katikati. Baada ya hapo kulikuwa na doa la mafuta na mchaniko. Tarehe haikuwepo. Mimi, ambaye leo naitwa msomi na nina vyeti ukutani vya kuthibitisha hilo, nilifikiri kwamba jambo likishatoka gazetini litakuwa wiki hii hii.

Labda ningelala usingizi kama ufa huo ungekuwa mbali. Lakini sisi wa kwetu tulikuwa nao, nyuma ya nyumba ya bibi. Lilikuwa korongo, na kila masika lilikula kitu. Lilishakula zizi la mbuzi, lilishakula mgunga uliokuwa ukitupa kivuli, na mwaka ule lilikuwa linanyemelea choo. Ng'ambo yake ndiko kulikokuwa na mashamba ya zabibu ya Makutupora, na mama yangu alikwenda huko kila Jumatatu pamoja na akina mama wengine, akalala shambani, akarudi Ijumaa alasiri. Baba alifanya kazi Tabora. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: nchi ikipasuka katikati ya wiki, mama atabaki ng'ambo, na bahari itakuwa katikati yetu.

"Mama, usiende wiki hii," nilimwambia Jumapili, akifunga mzigo wake.

"Kwa nini?"

"Nchi inapasuka. Gazeti limesema."

"Gazeti gani?"

Nikamwonyesha. Akaligeuza pande zote mbili, akacheka. "Hili lenyewe limeshapasuka. Mama, umemsikia mjukuu wako?"

"Nimemsikia," bibi alisema kutoka jikoni. "Huyu mtoto apunguziwe karanga."

Mama akaenda. Ijumaa ile, tukiwa kwenye somo la hesabu, ardhi ilitetemeka. Matetemeko madogo si mageni Dodoma. Madawati yanacheza, vumbi linashuka kutoka darini, mwalimu anasema tokeni nje, watoto wanatoka wakisukumana na kucheka kama wamepewa mapumziko ya ziada. Siku nyingine ningecheka nao. Mmoja akanipigia kelele, "Profesa, eleza basi!" Nilikuwa nimeshapita kwenye uzio, nikikimbia, miiba ya njiani ikinichoma, nikisikia pumzi yangu tu.

Sikusimama nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja korongoni. Kipande cha ukingo, kikubwa kama nyumba ya tembe, kilikuwa kimeporomoka. Njia tuliyozoea kuteremkia haikuwepo. Udongo mwekundu ulikuwa wazi kama kidonda, na mizizi ikining'inia hewani. Bibi alifika nyuma yangu akihema na fimbo yake, tayari kunichapa kwa kutoroka shule, akaona ukingo ule, akasahau kunichapa. Wakati huo huo akina mama wakatokea ng'ambo, ndoo kichwani, na mama yangu mbele yao.

"Mama!" nililia. "Afrika imepasuka!"

Walicheka mpaka ndoo zikayumba. Mama Yohana, jirani yetu mwenye sauti ya kengele, akajibu, "Profesa, bahari imeshaingia? Tuletee mtumbwi basi!"

"Nyamaza, nakuja," mama alisema. "Unatutia aibu."

Kwenda kuzunguka hadi darajani kulikuwa na mwendo mrefu, na hakuna mtu wa kwetu aliyezunguka. Korongo ndilo lililokuwa barabara yetu. Mchanga wake ulikuwa mgumu na safi, watu walipitisha ng'ombe na baiskeli humo, hata maharusi. Juu yetu anga lilikuwa jeupe bila wingu. Kule mbali kwenye vilima palikuwa peusi tangu asubuhi, lakini Dodoma mvua isiyonyesha kwenye shamba lako ni habari ya watu wengine. Unawaonea wivu kidogo, basi. Hakuna aliyegeuza shingo. Mama alitafuta mahali penye mteremko, akashuka wa kwanza, akavuka mchanga, akapotea chini ya ukingo wetu.

Hapo ndipo niliposikia mlio. Ulikuwa kama malori ya mahindi yanayokwenda soko la Kibaigwa, yote kwa mpigo, yakija ndani ya ardhi. Nikajua: ndiyo hiyo bahari. Bibi naye alijua, ila alijua kitu kingine. Kiswahili kilimpotea, akapiga yowe kwa Kigogo, akimwita mama jina lake la utotoni ambalo sijawahi kulisikia tena. Akatupa fimbo, akalala kifudifudi, akateremsha kanga yake ukingoni. Mimi nikamshika miguu, kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokiona. Maji yalikunja kona yakiwa ya kahawia, yakisukuma matawi na povu mbele yake, marefu kuliko mtu. Nilisikia kanga ikikazika. Ukingo ulimeguka chini ya kifua cha bibi, udongo ukanimwagikia usoni, nikafumba macho nikaendelea kushika. Nilipofumbua, kiwiko cha mama kilikuwa juu ya ukingo, kisha uso wake, kisha mama mzima, bila ndoo, bila viatu, na maji yalikuwa yakipita pale alipokuwa amesimama.

Ng'ambo hakuna aliyecheka. Mama Yohana alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Tulikaa chini sote watatu. Mama alinishika sikio. Hakulivuta. Alilishika tu, muda mrefu, kama anahakikisha lipo.

Sekondari mwalimu wa jiografia alinimalizia sentensi yangu: itachukua mamilioni ya miaka. Darasa zima likashusha pumzi. Mimi nilijiona nimedanganywa. Watu wazima walikuwa wamewaandikia watoto juu ya bara litakalopasuka wakati hakuna hata mmoja wetu atakayekuwepo, na hakuna kona ya watoto iliyowahi kuniambia kwamba maji yanaweza kukuua chini ya anga jeupe.

Siku hizi korongo lina daraja la zege, na kando yake wamejenga watumishi wa wizara waliohamia kutoka kila mkoa. Mwanangu akitaka kujua jambo anaiuliza simu, inampa sentensi nzima pamoja na picha, naye anarudi kula. Simwoni akiogopa, na sijui kama nimpongeze. Mama amezeeka, amekataa kuhamia kwangu, na bado anavuka kwenda kupogoa mizabibu yake. Pakiwa peusi upande wa vilima, mimi, mtu mzima mwenye kitambulisho cha chuo shingoni, naomba udhuru kikaoni, natoka hadi koridoni, nampigia simu.

"Mama, shikamoo. Uko wapi?"

"Marahaba. Niko jikoni, nasonga ugali. Kwani wewe uko wapi?"

"Kikaoni."

"Basi rudi kikaoni, mwanangu. Sauti inakutetemeka."

Narudi. Ila nakaa kwenye kiti cha dirishani, upande wa vilima.