Mkufu wa Shosho

Mwaka ambao dada yangu alianza kazi ya kumtunza shosho mmoja, bibi kizee, kule mtaa wa Loresho, mimi nilikuwa nachapa kadi za harusi katika duka la River Road. Tulikuwa tumebaki wawili tu. Mama yetu alipofariki, dada ndiye aliyeacha shule ili mimi nimalize yangu, na tangu hapo sikuwahi kumkatalia jambo.

Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda kumwona. Ukungu ulikuwa ukilala juu ya nyasi hadi saa tano, na kutoka langoni niliwaona yeye na shosho dirishani kama watu walio chini ya maji. Shosho alikuwa akimsuka dada nywele, anafumua, anaanza upya.

Siku moja nilimsikia dada akimwita "mama."

Shosho alikuwa na binti aliyefariki zamani. Kumbukumbu zilipoanza kumtoroka, akamwona binti huyo katika dada yangu, na dada akaitika. Akaanza kuvaa sweta za marehemu. Akajifunza hata kucheka akiwa ameziba mdomo, kama yule msichana wa kwenye picha ya sebuleni.

"Mbona unamdanganya?" nilimuuliza jikoni.

"Ananiuliza kama nimerudi. Unataka nimwambie nilikufa?"

Alisema "nilikufa," si "alikufa." Niliitazama chai ikichemka, nikaiepua.

Mwezi wa nane, mtoto wa kiume wa shosho akaja kutoka ng'ambo. Alikuwa mtu mpole, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala vizuri. Akauona mkufu wa dhahabu shingoni mwa dada, akautambua. Ulikuwa wa marehemu. Yule bwana hakumuuliza dada kitu. Alinisubiri mimi, na Jumapili ilipofika akaniita barazani.

"Mama hawezi tena kunieleza," akasema. "Ule mkufu, alimpa mwenyewe, ama dada yako alijichukulia?"

Kupitia mlango uliokuwa wazi nilimwona dada akimlisha shosho uji, akipuliza kila kijiko. Hakuinua macho. Nami sikujua lolote kuhusu mkufu ule.

"Alimpa," nikasema. "Nilikuwepo."

"Ulikuwepo?"

"Shosho alisimama hapo dirishani. Mikono ilikuwa inamtetemeka, akashindwa kuufunga, ikabidi nimsaidie."

Yule bwana aligeuka akaliangalia dirisha. Machozi yakamlengalenga.

"Ndivyo mama alivyokuwa akimfungia marehemu dada yangu, kila Krismasi," akasema. Hakuuliza tena.

Jioni hiyo dada alinisindikiza hadi karibu na Waiyaki Way. Maua ya rangi ya zambarau yalikuwa yameanza kuanguka njiani, tukayakanyaga bila kelele.

"Alikupa?" nikamuuliza.

"Alimpa mtoto wake."

"Hilo si jibu."

"Na wewe ulikuwepo?"

Tukacheka, kisha kicheko kikatuishia wote wawili kwa pamoja.

Shosho alifariki mvua za vuli zilipoanza. Kaburini yule bwana alimshika dada mkono akamsimamisha mstari wa mbele, pamoja na familia, na dada akalia kilio ambacho sikukisikia hata tulipomzika mama yetu. Hilo liliniuma, na sijawahi kumwambia.

Miaka imepita. Jambo la ajabu ni kwamba nikimkumbuka shosho sasa, siukumbuki uji wala ukungu kwanza. Namwona amesimama dirishani, vidole vyake vikihangaika, nami nikichukua zile ncha mbili ndogo za mkufu na kuzifunga nyuma ya shingo ya dada. Nahisi hata joto la shingo hiyo. Najua vizuri kwamba sikuwepo.

Nilimweleza dada juzi, tukiwa tunachambua sukuma wiki nyumbani kwake.

"Na shosho alikuwa amevaa nini?" akaniuliza.

"Gauni la samawati."

Dada aliacha kuchambua.

"Ndiyo," akasema polepole. "Lilikuwa la samawati."