Njia Iliyopimwa na Ng'ombe

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai, na zilikuwa karibu zaidi nilipokuwa mwalimu msichana pale Minjila, miaka ile ya hamsini. Kwetu ni Garsen, na kila asubuhi nilipanda baiskeli kwenda kuwafundisha watoto chini ya paa la makuti. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya kiume, yenye lile bomba la katikati. Nilikuwa nafunga leso kiunoni, nakusanya gauni, narusha mguu, na yeyote aliyetaka kushangaa nilimwambia atazame mpaka ashibe.

Baba hakunikataza baiskeli. Alichoogopa ni maji. Shangazi yangu, dada yake wa pekee, alichukuliwa na mafuriko akirudi kutoka shambani kabla mimi sijazaliwa, na tangu hapo mto ukianza kujaa baba hatulii. Siku niliyopata kazi alinikalisha mkekani akaniambia, "Mwanangu, nenda ukafundishe. Lakini kila jioni nikuone hapa. Siku maji yakikulaza nje, kazi imekwisha. Usije ukanililia."

Nilijua hatanii. Na mimi ile kazi niliipenda kuliko kula. Watoto walikuwa wakiniona natokea kule mbali na baiskeli yangu wanapiga kelele, "Mwalimu huyo! Mwalimu huyo!" utadhani nimerudi kutoka Makka. Kuikosa kwa sababu ya maji? Hata!

Lakini barabara ya magari kati ya Garsen na Minjila ilipita bondeni, kwenye udongo mweusi, na mto ukifurika inageuka uji. Basi la Malindi nalo lilikuwa likifika Minjila linakataa kusogea mbele. Dereva anapiga honi mara tatu, anayetaka kusafiri aje na miguu yake. Akina mama wa Garsen walikuwa wakitembea na maembe na kuku vichwani mpaka shingo zinauma, na mara nyingine basi linaondoka huku wanalitazama.

Ndipo ikaitishwa baraza. Bwana DC alikuja na kiti chake cha kukunja, akatuuliza tunataka nini katika mambo ya usafiri. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi Mombasa akasimama, akasema tunataka reli. Treni ije Garsen, ivuke mto, iende mpaka Ndera. Watu tukaangua kicheko. Mzee akachukia: "Mnacheka nini? Si ameuliza?" Bwana DC akaandika kwenye daftari lake, na mpaka leo sijui aliandika nini.

Kuhusu basi, tuliambiwa dereva hawezi kulazimishwa kuingia topeni, kwa hiyo litaendelea kusimama Minjila, ila sasa litangoja abiria wa Garsen kabla ya kuondoka. Kuhusu baiskeli tukapata bahati. Ikakubaliwa ikatwe njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, kutoka Garsen mpaka pale basi linaposimama. Serikali italeta majembe, vigingi na nyapara. Sisi tutoe nguvu, na tuseme njia ipite wapi.

"Nani hapa anajua kuchora?" akauliza nyapara.

Nani tena kama si mimi? Nilichukua rula ya shule, nikachora Garsen huku, Minjila kule, na katikati mstari ulionyooka kabisa. Nilijiona nimefika. Baraza la pili nikautundika mchoro wangu kwenye ukuta wa duka, watu wakautazama, nyapara akasema vizuri sana mwalimu, na mimi nikatabasamu kidogo tu, ili nisionekane nina majivuno.

Basi akasimama mama mmoja wa Kiorma. Tulimjua sote, kwani ndiye aliyekuwa akituuzia maziwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota njiani kama cha wengi wetu, lakini hakikumzuia kusema alilonalo.

"Mwalimu," akasema, "hii njia yako hapana mzuri. Maji nakuja hapa."

"Mama, mimi napita kule kila siku," nikamjibu. "Sijawahi kuona hata tone."

"Sasa ni kavu. Wewe nachora na kavu."

"Basi chora wewe!" nikamrukia, na kumpa kalamu mbele ya watu wote. Aibu iliyoje! Mtu mzima, sawa na mama yangu, namnyooshea kalamu nikijua hakusoma. Baba alikuwa ameketi mstari wa mbele, akanikata jicho nikatamani ardhi inimeze. Lakini yule mama hakuchukia. Alicheka, akasema, "Mimi hapana jua kalamu. Kesho kuja, taonyesha wewe."

Kesho yake nilikwenda, nimenuna bado. Akanipeleka katikati ya bonde, mahali hasa mstari wangu ulipopita, akanisimamisha kando ya mti, akanyoosha kidole juu. Kwenye gamba la mti palikuwa na mstari wa tope kavu, tope la mafuriko ya zamani, na mstari ule ulikuwa juu ya kichwa changu. Nikatazama mti wa pili, na wa tatu. Yote ilikuwa na tope pale pale. Nimeipita miti hii kila siku nikienda kufundisha watoto kusoma, na mimi mwenyewe sikusoma kilichoandikwa mbele ya pua yangu.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Jana nilikukosea adabu."

"Wewe kijana," akasema. "Damu moto. Twende tazama ng'ombe."

Alikuwa na ng'ombe mmoja mzee, mweupe, pembe moja imekatika. Boma lao lilikuwa ukingoni mwa Garsen. Ndama walifungwa nyumbani, na mama zao walikwenda malishoni upande wa Minjila. Jioni ng'ombe mwenye ndama haongozwi na mtu, maziwa yamemjaa, anamtaka mwanawe. Na huyu wa pembe moja, mama alinieleza, amekwisha kurudi nyumbani katika mafuriko mengi, kwa hiyo anajua kila mahali palipoinuka, na hata wakati wa kiangazi hapiti kwingine. "Fuata yeye tu," akasema. "Piga vijiti nyuma yake."

Nyapara alipoambiwa alikaribia kulia. "Serikali haiwezi kufuata mkia wa ng'ombe!"

"Basi serikali ijifunze kuogelea," nikamwambia. Nikampeleka akaone miti. Akaitazama, akavua kofia, akajipepea, akauliza ng'ombe mwenyewe anaondoka saa ngapi.

Lo! Jioni ile sitaisahau. Ng'ombe mbele, hana habari na mtu. Nyuma yake nyapara na nyundo yake, anagonga kigingi, anakimbia, anagonga kingine. Nyuma yake mimi na baiskeli niliyoifungia fungu la vigingi, na nyuma yangu mama akicheka peke yake. Ng'ombe hakunyooka hata mara moja. Alikwenda kulia, akarudi kushoto, akakizunguka kibonde ambacho mimi kwa macho yangu nisingekijua kuwa ni kibonde. Karibu na nusu ya safari akafika penye mkoma mmoja, akasimama, akaanza kujikuna. Akajikuna ubavu wa huku, akauzunguka mti, akajikuna wa kule. Nyapara naye, gonga, gonga, gonga, akauzungushia mkoma vigingi.

"Bwana, hapo anajikuna tu!" nikamwambia.

"Mwalimu, umesema tumfuate," akajibu akihema. "Mimi namfuata."

Na kweli njia ilipokatwa ikauzunguka mkoma ule. Watu wa Garsen walitucheka wiki nzima. Njia ya kwanza ya baiskeli, imepinda kama utumbo! Yule mzee wa reli akasema afadhali ng'ombe asikabidhiwe treni. Baba hakucheka. Aliikagua yote kwa miguu, kwenda na kurudi, kisha akaniambia maneno yale yale: "Kila jioni nikuone hapa."

Miezi michache ikapita. Siku moja mchana, hakuna mvua, hakuna hata wingu, watoto wakaanza kunong'onezana na kutazama nje. Nikatoka. Bonde lote upande wa Garsen lilikuwa linang'aa. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, bara, na mto umetuletea sisi maji yake bila kubisha hodi. Basi la Malindi lilikuwa limesimama pale pale, abiria wa Garsen wameteremka na mizigo yao, hawajui waende wapi.

"Mwalimu leo utalala kwetu," mwenye nyumba ya jirani na shule akaniambia kwa wema. Moyo ukanipasuka. Alikuwa ananikaribisha, lakini mimi nilisikia kazi yangu ikifungwa.

Nikachukua baiskeli. "Anayekwenda Garsen anifuate!" nikawaambia wale abiria, kwa sauti ya darasani. Tukaingia kwenye njia ya ng'ombe. Kulia maji, kushoto maji, mengine yanapita mbio na majani na vijiti, na katikati ule ukanda wetu umeinuka, mkavu, na vumbi lake juu. Niliogopa, siongopi. Kila kona niliipinda kama ilivyo. Nilipofika penye mkoma niliuzunguka wote, sikuthubutu kukata hata hatua moja, na nyuma yangu akina mama na kuku wao wakauzunguka vilevile.

Tulifika Garsen jua bado lipo. Nikakimbilia nyumbani, baba hayupo. Jirani akaniambia amechukua mtumbwi mara tu alipoona maji, ameshika barabara ya magari kunitafuta. Nikarudi ukingoni kumngoja. Nilikaa kwenye kigingi cha mwisho, na sasa ikawa zamu yangu kuyatazama maji na kumwogopea mtu. Ndipo nilipoelewa baba alikuwa akiishi vipi miaka yote ile.

Mtumbwi ukatokea kwa mbali. Alikuwa amesimama, anasukuma kwa upondo, nguo zimelowa mpaka kifuani, na alikuwa akiita jina langu kuelekea upande wa bondeni. "Baba!" nikapiga kelele. "Baba, niko huku!"

Alifika, akashuka, akauacha mtumbwi bila kuufunga, ikabidi niushike mimi. Akaja mpaka mbele yangu, akainama, akashika upindo wa gauni langu na kuusugua kwa vidole vyake vilivyolowa. Akautazama mkono wake.

"Vumbi," akasema.

"Ndiyo, baba. Nimepita njia ya ng'ombe."

Akaketi pale pale topeni. Nilidhani anacheka, kisha nikaona kuwa analia, kisha yote mawili. Alikaa hivyo muda, ameshika gauni langu bado. Halafu akajifuta uso, akasimama, akaufunga mtumbwi wake vizuri.

"Kesho uondoke mapema," akaniambia. "Watoto watakuwa wanakungoja."