Nilivyolifasiri Neno "Weak"

Siku yangu ya kwanza kazini, katika boma la Chole, Bwana Shauri, afisa wa Kijerumani aliyeamua kesi, alibonyeza papai bivu akaniambia, "Weich." Nikajua ni laini. Baadaye Wajerumani wakaondoka, wakaja Waingereza. Kwa kuwa nilikuwa nimeokota Kiingereza dukani Unguja, nikawekwa mkalimani wa Bwana Daktari, Kilindoni.

Yeye neno lake lilikuwa "weak". Chai iliyopungua majani, weak. Kamba iliyochakaa, weak. Mgonjwa asiyeweza kusimama, weak. Nikadhani ni lile lile la papai, nikamuuliza chai laini ndiyo chai gani. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Hukukosea sana," akasema. "Maneno haya ni ndugu wa mbali. Letu tuliletewa zamani na mabaharia wa kaskazini, na asili yake ni kitu kinachopinda kikikandamizwa."

Nilimpenda kwa hilo. Wakubwa wengine hawakuwa na subira ya kumfundisha mtu.

Vita vyao na Wajerumani vikataka wapagazi wa kwenda bara. Daktari akisema weak, mtu alirudi kwake. Asiposema, alivishwa kibati cha namba shingoni, na wengi wa hao hatukuwaona tena.

Siku moja akaletwa Makame, mkwezi wa minazi wa Kirongwe. Macho yalikuwa ya manjano. Mkewe alisimama nje ya ua na mtoto mgongoni.

"Hujambo?" nikamuuliza kwa niaba ya Daktari.

"Sijambo, Bwana."

"Huumwi?"

"Mzima, alhamdulillahi."

Daktari akanyoosha mkono achukue kibati. Nikamwahi.

"Bwana, hiyo ni salamu tu," nikamwambia. "Kwetu mtu haanzi na ugonjwa, ni utovu wa adabu. Muulize habari za nyumbani, za watoto, za minazi."

Akauliza zote, moja moja. Kwenye minazi Makame akainamisha kichwa.

"Minazi haijambo, Bwana. Mimi ndiye siiwezi tena. Homa hainiachi, miguu hainichukui."

Daktari akampapasa tumbo, akakuta bandama limevimba. "Weak," akasema.

"Anasemaje?" Makame akaniuliza.

"Anasema urudi nyumbani, ndugu yangu."

Sasa nimestaafu, na vijana wa shule huniletea kamusi zenye neno hilo: dhaifu, hafifu, mnyonge. Yote sawa, wanangu. Lakini mimi nilimwona yule mwanamke alipomwona mumewe anatoka, shingo tupu. Alikaa pale pale mchangani, akalia kwa furaha.