Pacha wa Mashine ya Dagaa

Fundi wetu wa kuchomelea vyuma hapa Katonga amebuni mashine ya kukausha dagaa, na tangu hapo hatutazami tena usoni, anatutazama mikono. Mashine ameifunika turubai na kuifunga kamba mafundo saba. Aliposhauriwa akaombe hataza, ili sheria imtambue kuwa ndiye mbunifu, alikataa. Fomu inauliza mno, alisema, na anayeuliza mno ni mwizi. Lakini mashine hiyo ina pacha wake wa kidijitali, mchoro uliohifadhiwa mtandaoni unaoonyesha kila feni na kila waya. Mashine ikipata joto, pacha naye anageuka mwekundu. Huyo hafichwi. Juzi mama Elida, muuza dagaa, aliomba kuchungulia chini ya turubai. "Hapana, mama, wataiba!" akamkatalia, kisha akamfungulia pacha kwenye simu, akambinua ndani nje, akamtumia na kiungo akaangalie vizuri nyumbani, kama alivyokwisha kututumia sote.

Jana tulimsindikiza fundi wetu hadi Kasingirima, ambako fundi Amosi anauza mashine ileile.

"Mwizi!" alifoka, sauti ikimkwaruza.

Amosi akafuta mikono taratibu. "Fundi, si ulinitumia pacha wewe mwenyewe? Ila mlango wako ulikuwa unavujisha joto. Huu nimeurekebisha."

Fundi wetu akachuchumaa, akaufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Halafu akatunong'oneza tusimame mbele yake kidogo, akaanza kupiga picha bawaba.