Mkono Ndani ya Nguzo

Mkaguzi wa majengo haamini hata macho yake, sembuse maneno yetu sisi mafundi. Akifika saiti, kabla ya salamu, anavua bangili. Humpa aliye karibu amshikie, hukunja mkono wa blauzi, kisha huuzamisha ndani ya mbao za nguzo ambayo bado haijamwagiwa zege, uso kauelekeza pembeni, kama anayepapasa mayai chini ya kuku. Anatafuta ncha za ringi, zile pete za chuma zinazozifunga nondo. Ncha zikikunjwa kuingia ndani, ardhi ikitikisika ringi haifunguki. Zikiachwa nje, inaachia na nguzo inapasuka. Kukunja kunachubua viganja, na sisi, Mungu atusamehe, huwa tunategea.

Siku ile nyumba ilikuwa ya mdogo wake wa mwisho, aliyembeba mgongoni akiwa mchanga. Zege lilishachanganywa, toroli zimejaa. Bangili akampa yeye. Akapapasa nguzo ya kwanza, akahamia ya pili, akatoa mkono umechunika.

"Fungueni mbao."

"Dada, zege litaganda!" mdogo wake akasema.

"Na ligande."

"Lakini hizo ncha si zitafunikwa? Nani ataziona?"

"Tetemeko litaziona."

Hakupandisha sauti, hajawahi. Aliketi juu ya tofali, akaomba maji ya kunywa. Tukashika nyundo. Jua la utosi lilipofika, zege lilikuwa jiwe ndani ya toroli, na mdogo wake bado amezishika zile bangili kwa mikono miwili, kama mtoto aliyeambiwa asizidondoshe.